Mfuko wa nyongo ukikutobokea: kwa mnaoanza upasuaji wa matundu madogo

Utatoboa tu. Katika kila wagonjwa 10, mmoja hadi wanne mfuko wao hupasuka kabla haujatolewa, hata mbele ya daktari bingwa. Hivyo usiingie chumba cha upasuaji ukiomba dua peke yake. Ingia ukijua mkono utaenda wapi nyongo ikianza kuchuruzika.

Mfuko uliojaa ukabana haushikiki. Ukiulazimisha, meno ya koleo yanazama. Upunguze kwanza: pitisha sindano ndefu ukutani mwa tumbo, ichome kichwa cha mfuko, fyonza mpaka ulegee, halafu bana koleo palepale penye tundu la sindano.

Matundu mengi lakini hutokea wakati wa kuubandua mfuko kwenye ini kwa kulabu ya umeme, tena mwishoni, mkono ukishaanza haraka. Tabaka unalolikata ni jembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Livute kwa kulabu kuelekea kwako, hakikisha unaona upande wa pili, ndipo ukanyage pedali. Damu ikianza kuvuja, umezama kwenye ini. Rangi ya nyongo ikichungulia, umeegemea mno upande wa mfuko. Kama ni lazima ukosee, kosea upande wa mfuko. Tundu la mfuko linazibika. Mshipa wa ndani ya ini ukikatika utakutoa jasho.

Likishatokea, ondoa mguu kwenye pedali na ubane tundu kwa koleo uliyonayo mkononi. Kisha klipu, au kitanzi cha uzi kama ukuta umelainika. Usimwage maji bado! Hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu: maji yakirushwa kwa nguvu husambaza mawe ya nyongo yaliyomwagika kutoka kwenye mfuko katikati ya utumbo na juu ya ini, na hutayapata tena. Mwambie wa usingizi alaze meza sawa, maana kichwa kikiwa juu mawe huporomoka kwenye nyonga. Fyonza nyongo, ingiza mfuko wa kutolea karibu na tundu, okota jiwe mojamoja. Mfuko wa kiwandani ukiwa umeisha stoo, glavu tasa isiyo na unga, iliyokatwa vidole na kufungwa uzi, inafanya kazi hiyohiyo. Mawe yakiisha, ndipo osha kwa maji ya dripu ya chumvi yenye uvuguvugu, chupa nne hadi sita za mililita 500, mpaka yanayorudi yawe meupe. Chungulia chini ya ini karibu na figo ya kulia, juu ya ini, na chini kabisa kwenye nyonga. Kama mgonjwa hakupewa antibaiotiki mwanzoni, apewe sasa.

Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu, na mawe yao ni meusi, madogo, mengi. Penye damu iliyoganda jiwe jeusi halionekani upesi, kwa hiyo fyonza damu kwanza. Mawe ya rangi kama haya meusi pia hubeba bakteria mara nyingi kuliko ya kolesteroli, basi usiyaonee uvivu.

Wakati wa kuutoa mfuko nje, panua tundu la kitovuni milimita chache badala ya kuvutana nalo.

Jiwe likipotea, usifungue tumbo kwa ajili yake tu. Andika kwenye ripoti: mangapi, ukubwa gani, yalidondokea wapi. Na mgonjwa aambiwe kwa mdomo kabla hajapanda kivuko kurudi Ukerewe, tena iandikwe kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa. Jipu la jiwe lililobaki huweza kujitokeza baada ya miezi, hata miaka, ubavuni, mgongoni au kwenye kovu la tundu. Tabibu wa zahanati asiyejua habari ya jiwe atapasua jipu, atatoa usaha, atafunga bendeji. Baada ya muda litajaa tena, kwa kuwa jiwe bado limo.