Maswali na majibu: Spea za kujiundia rimoti

Barua za safari hii karibu zote ni za watu wanaojiundia rimoti za ndege, magari na boti za mfano, na nyingi zinaanzia palepale: spea zimeshanunuliwa, sasa ndipo naulizwa kama zinafaa. Laiti mngeuliza kabla. Wale wa "nianzie wapi?" wasiosema hata wanataka kuendesha nini, nimewaweka kando. Andikeni tena mkishajua.

Nimepata skrini ya rangi, swichi kumi na mbili na kasha zuri la alumini. Bado nini?

Bado rimoti. Umenunua hereni kabla ya kutoboa sikio. Rimoti ina sehemu mbili zisizosamehe ubahili: stiki, ambazo vidole vyako havitaziacha hata sekunde moja, na redio, inayobeba amri zako hewani. Fedha zianzie huko. Mikrokontrola (chipu inayosoma stiki na swichi) ya bei ya chini inatosha, skrini ndogo ya maandishi inatosha, kasha hata la mbao linatosha. Tena hesabu chaneli, yaani amri zinazokwenda kwa wakati mmoja, kabla ya kuhesabu swichi: gari linataka mbili, ndege ya kawaida nne. Hizo kumi na mbili utazipa kazi gani? Na kuhusu hiyo alumini, antena ikikaa ndani yake mawimbi nayo yatakaa humohumo. Itoe nje.

Stiki nimejitengenezea kwa potensiometa (vipinga umeme vya kuzungusha) za kilo-omu 10, nikaziunga kwenye bodi ya mikrokontrola ya Arduino Uno. Zinafanya kazi, ila usukani wa ndege unasogea kwa kurukaruka. Ninunue bodi yenye nguvu zaidi?

Usiguse bodi kwanza. Potensiometa ya kawaida huzunguka nyuzi kama 300 toka mwisho hadi mwisho, na stiki yako inasogea nyuzi 60 hivi. Maana yake unatumia sehemu moja tu kati ya tano za njia yake. Uno husoma volti kwa ngazi 1024. Gawa kwa tano, zinabaki mia mbili na ushee. Ondoa zinazomezwa na kelele za umeme, uone mkono wako umebakiwa na nini. Bodi ya STM32 inasoma ngazi 4096 na itapunguza maumivu, lakini kosa litabaki pale pale kwenye stiki. Tafuta potensiometa zilizotengenezwa kwa mwendo mfupi, au stiki kamili iliyotoka kwenye rimoti halisi.

Angalia pia herufi iliyo ubavuni. Kwa kawaida B10K hupanda sawasawa. A10K ni ya kuongeza sauti, huanza polepole kisha ikapanda kwa kasi. Ukiweka A kwenye stiki, katikati hapatakuwa katikati. Ila usiiamini herufi kupita kiasi, maana spea za zamani za Ulaya zina alama za kinyume. Ziweke katikati, upime kwa multimita: pande zote mbili zisome karibu sawa.

Mimi nimeshaachana na potensiometa. Sensa za Hall husoma sumaku bila kugusana na kitu, kwa hiyo hakuna kaboni ya kulika wala vumbi la kuleta mtetemo baada ya mwaka.

Sensa zangu za Hall zinatoa namba mbili tu, ya juu kabisa na ya chini kabisa. Ni mbovu?

Ni nzima. Umenunua 3144, ambayo ni swichi. Uliyoitaka ni 49E, inayopima sumaku kidogo kidogo. Zote nyeusi, zote miguu mitatu, soma maandishi kabla ya kulipa.

Moduli ya redio ya nRF24L01 inafika mita tano tu kisha inakata. Niongeze antena?

Swali hili sasa nimelijibu hadi nimelichoka, na kila mara ugonjwa ni uleule: umeme. Moduli umeichomeka kwenye pini ya volti 3.3 ya Uno, pini ambayo inatoa miliampia 50 tu. Ile yenye kikuza nguvu na antena ndefu hutaka zaidi ya mara mbili ya hapo kila inaporusha. Volti zinaanguka, moduli inazimia, wewe unalaumu antena. Ipe regyuleta (kituliza volti) yake ya 3.3, na ulehemu kapasita (akiba ndogo ya umeme) ya mikrofaradi 10 hadi 100 juu ya pini zake zenyewe, si kwenye bodi ya majaribio umbali wa shubiri nzima. Usije ukaipa volti 5; mwisho wake ni 3.6.

Hukuniuliza, lakini nitasema. Mafundisho mengi ya mtandaoni yanakuambia uweke chaneli ya redio, yaani nafasi ya masafa, 100 na kitu ili uikwepe Wi-Fi. Chipu hii huhesabu megahezi moja moja kuanzia 2400, kwa hiyo chaneli 108 ni 2508 MHz, wakati bendi ya wazi inaishia 2483.5. Wi-Fi umeikwepa kwa kuingia uwanja wa mwenye leseni. Kaa chini ya 84. Tena ukishakaa kwenye chaneli moja, jirani mmoja mwenye kelele anatosha kukuangusha, ndiyo maana rimoti za kiwandani hurukaruka kati ya chaneli nyingi. Kwa gari la uani nRF24 inatosha. Kwa ndege, mimi sirushi nayo.

Basi kwa ndege nitumie redio gani? Nina Arduino inayotoa PPM, nataka kununua moduli ya redio ya ExpressLRS.

Usinunue bado. ExpressLRS haielewi PPM. Inataka CRSF, lugha ya namba inayokwenda kwa kasi. PPM ni ya kizamani: mapigo ya umeme ya milisekunde 1 hadi 2, chaneli nane ndani ya milisekunde 22.5. Una njia mbili. Badilisha programu ya bodi yako itoe CRSF, jambo linalowezekana lakini Uno itahema, heri bodi ya STM32 au ESP32. Au chukua moduli ya itifaki (lugha za redio) nyingi inayopokea PPM, kisha utafute risiva (kipokezi cha ndani ya ndege) inayoelewana nayo. Nunua moduli na risiva siku moja, na toleo kuu la programu ya ExpressLRS liwe moja pande zote mbili. Wengi hunyamaziwa na risiva kwa sababu ya hilo tu. Masafa nayo: 868 MHz ni ya Ulaya, 915 ni ya Marekani, 2.4 GHz ndiyo inayokubalika kwingi zaidi, ila kiwango cha nguvu hutofautiana. Soma sheria ya nchi yako kabla ya kujisifu kwa wati moja.

Naweza kuwasha bila antena nione tu kama skrini inafanya kazi?

Hapana. Nguvu ikikosa pa kutokea hurudi, na kikuza nguvu kinaweza kuungua.

Nimepata betri ya lithiamu ya 18650 ya mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji) 9900. Nikitumia moja na regyuleta ya AMS1117 itadumu saa ngapi?

Makosa mawili ndani ya sentensi moja. Betri ya 18650 iliyo nzuri kabisa inafika mAh 3500 hadi 4000 hivi. Ya 9900 ni karatasi tu iliyoandikwa 9900. Iweke kwenye mzani: ya kweli hukaribia gramu 45, na nyingi za uongo ni nyepesi mno. La pili, AMS1117 hujilia zaidi ya volti moja kabla ya kutoa kitu. Betri ikiwa 3.7 utapata pungufu ya 3.3, na redio itazima hewani huku skrini bado inawaka. Funga mbili mfululizo, au tumia regyuleta inayojilia kidogo.

Mzee mmoja amenipa rimoti mbovu, ya zile zenye antena ndefu ya kuvuta. Niitupe?

Ukiitupa niambie ulipoitupa. Humo mna stiki mbili zilizokwisha pimwa na mikono ya watu, swichi ambazo hazijalegea, kasha linaloenea kiganjani na hata mkanda wa shingoni. Ng'oa redio ya zamani, weka moduli mpya. Pima kila potensiometa ukisogeza stiki taratibu. Namba ikiruka, isafishe au ibadilishe. Rimoti iliyokufa ndilo duka la spea ninalolipenda kuliko yote, na hakuna anayeniandikia kuliuliza.

Kila kitu kimekubali mezani. Nirushe kesho?

Toa propela. Washa vyote, pandisha mota nusu, kisha zima rimoti ghafla. Mota ikiendelea kuzunguka, risiva yako inashikilia amri ya mwisho, na huko angani ndege itaondoka na amri hiyo hiyo. Andika kwenye programu ya risiva kwamba ikipita nusu sekunde bila ujumbe mpya, mota izime. Rudia jaribio mara kumi. Propela irudi ya kumi na moja.