Usiudharau Msumeno wa Umeme kwa Sababu Haupigi Kelele

Juzi nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Makambako. Ameuza nguruwe wake, amenunua msumeno wa mnyororo wa umeme, na anauliza: "Dada, nipe mbinu za kuanza kupiga hela. Huu wa umeme si hatari kama ile chenso ya petroli, si ndiyo?" Swali la kwanza lilinifurahisha. Ninaijua hamu ya mtu anayetaka kujiajiri, na wewe unayesoma hapa unayo hiyohiyo, la sivyo usingefika kwenye ukurasa huu. Swali la pili ndilo lililoninyima usingizi.

Nimelisikia swali hilo kwa miaka mingi, kwa maneno tofauti. Hapa Moshi, wanaume tunaofanya nao kazi wakiniona nashusha msumeno wangu kwenye bajaji, utasikia, "Hicho ni cha kike, cha kupunguzia maua." Iliniuma mwanzoni na bado inaniuma, sitaficha. Lakini maumivu yangu ni jambo dogo. Kubwa ni hili: mtu akishaamini kifaa ni cha mchezo, atakishika kwa mkono mmoja, atapanda nacho ngazi, atakata amevaa ndala. Halafu tunachangishana hela ya hospitali.

Mimi nilianza kama msaidizi wa fundi wa chenso ya petroli, mzee mmoja wa Kibosho. Nilikuwa naburuta matawi, nabeba dumu la mafuta, nafukuza watoto waliokuja kushangaa. Msumeno wenyewe sikuugusa kwa muda mrefu, na leo namshukuru kwa hilo. Kwenye paja la kushoto alikuwa na kovu pana, lisilo na umbo. Siku aliyonionyesha alinieleza kwamba kisu hupasua nyama lakini mnyororo huichimba na kuondoka nayo, kwa hiyo daktari anabaki hana kingo za kushona, na jeraha limejaa vumbi la mti na oili. Majeruhi wengi niliowaona tangu siku ile wameumia mguu wa kushoto au mkono wa kushoto, maana huo ndio upande unaotangulia ukishika msumeno.

Vidole vyake pia vilikuwa vinakufa ganzi. Mtetemo wa injini ya petroli ukikaa mwilini miaka kwa miaka hufanya hivyo. Asubuhi ya baridi alikuwa anashindwa kufunga kifungo cha shati. Nilipopata hela ya kununua wa kwangu, niliamua ni wa umeme. Ni mwepesi zaidi, haunifukizi moshi usoni, naweza kufanya kazi karibu na wodi ya hospitali au darasa bila kumsumbua mtu, na petroli hainili faida. Wanaodhani msumeno wa umeme ni mtoto wa ule wa petroli wajue kwamba Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza kwanza wa umeme, mwaka 1926, na wa petroli ukafuata mwaka 1929. Sisi wa umeme hatujaja kuchungulia kazi ya wenyewe.

Sasa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Hatari ya huu wa umeme imo ndani ya huo ukimya unaoupenda. Chenso ya petroli inanguruma hata ikiwa haikati, na kila mtu anakaa mbali. Huu wako, ukiachia kidole tu, kimya. Mwenye nyumba anasogea kukuuliza kuhusu malipo. Mtoto anakuja kuokota vijiti vya kuni. Wewe mwenyewe unainama kutoa kipande kilichonasa kwenye mnyororo, na betri bado iko ndani. Hauhitaji kuvutwa kamba ili uwake. Ukibonyeza kwa bahati mbaya, mnyororo unatoka kwenye usingizi hadi zaidi ya mita 10 kwa sekunde kabla hujasema "mama". Na ukiachia kidole, kwenye baadhi ya misumeno mnyororo huendelea kuzunguka kidogo.

Kwa hiyo kwangu msumeno uko hai hadi plagi itoke kwenye soketi au betri itoke kwenye mashine. Nakaza mnyororo? Plagi nje. Nasafisha vumbi? Plagi nje. Nahamia mti wa pili? Naweka breki, naweka ala ya mnyororo, plagi nje. Umeme wa TANESCO ukikatika katikati ya kazi, jambo la kwanza si kulalamika, ni kuchomoa plagi. Nimeona watu wakikalia gogo kusubiri umeme, msumeno mapajani, kidole kinachezea kitufe.

Nikiwa kwenye waya, nimalizie. Msumeno wa wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 230 unavuta karibu ampia 9. Ile ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu na kuwashia redio si ya kazi hii. Mimi natumia waya wa unene wa milimita za mraba 2.5, wa kufanyia kazi nje, na kama umeviringishwa kwenye kibiringo naukunjua wote, kwa sababu uliobaki umeviringika hupata joto hadi plastiki inayeyuka. Waya mwembamba na mrefu pia unapoteza nguvu njiani, msumeno unazidiwa, nawe unaanza kuusukuma kwa uzito wa mwili. Hapo ndipo watu wanapoteza mhimili. Waya naupitisha nyuma ya bega la kulia, usiwe kamwe upande wa mnyororo. Nachomeka penye kile kikata umeme cha miliampia 30, kinachozima chenyewe umeme ukivuja. Manyunyu yakianza, au majani yakiwa na umande, nakunja vitu. Kwa mvua za Machi hadi Mei hapa mlimani, hiyo ina maana kuna siku narudi nyumbani bila shilingi. Narudi.

Kisha lipo jambo ambalo mzee wangu alilirudia kila asubuhi hadi nikawa nalisema usingizini: msumeno kukurukia. Lile pande bapa la chuma linalobeba mnyororo lina ncha ya mviringo mbele. Nusu ya juu ya ile ncha ikigusa gogo, au tawi ambalo hukuliona nyuma ya lile unalokata, meno hayapati nafasi ya kuingia. Nguvu yote inageuka, na msumeno unaruka juu na kurudi kwako, usoni au shingoni. Hakuna mwanadamu mwenye wepesi wa kukwepa. Kinachokuokoa ni namna ulivyosimama na ulivyoshika kabla haijatokea.

Shika kwa mikono miwili, daima. Mkono wa kushoto kwenye mpini wa mbele, na kidole gumba kiuzunguke kwa chini, kisilale juu pamoja na vingine. Kiwiko cha kushoto kiwe kimenyooka. Simama kidogo kushoto kwa mstari wa mnyororo, ili ukiruka upite pembeni ya kichwa chako. Usikate kitu kilicho juu ya bega. Usichokonoe kwa ncha. Safisha kwanza vichaka na matawi yaliyozagaa. Mikono miwili, nimesema? Narudia, mikono miwili, hata kwa kijitawi cha unene wa kidole.

Ile ngao iliyo mbele ya mkono wa kushoto si ya kuzuia vumbi. Ndiyo breki ya mnyororo. Kila asubuhi, kabla ya kukata chochote, washa msumeno ukiwa umeushika sawasawa, kisha isukume mbele kwa kifundo cha mkono. Mnyororo usimame papo hapo. Usiposimama, kazi ya siku hiyo imeisha, peleka kwa fundi. Kuna mtu aliwahi kunishauri niifunge kwa waya kwa sababu inamchelewesha. Mtu huyo siwezi kufanya naye kazi na wala sitaki.

Mnyororo butu nao ni adui. Ukiona unatoa unga badala ya vipande vya mbao, acha kusukuma, kanoe. Misumeno midogo mingi ya umeme hutumia tupa ya duara ya milimita 4, lakini soma kitabu cha maelekezo cha msumeno wako, usikisie. Noa kila jino idadi ileile ya mipigo, vinginevyo msumeno utavuta upande mmoja. Vile vijino vifupi vilivyo mbele ya kila jino la kukata, vinavyopima kina, visikwanguliwe ovyo ili ukate haraka. Ukivipunguza kupita kiasi, ndivyo msumeno unavyozidi kukurukia. Mnyororo usining'inie chini kama shanga, na usikazwe hadi ushindwe kuzunguka kwa mkono wenye glavu. Na ndiyo, msumeno wa umeme unahitaji oili. Wengi wanadhani hauna injini basi hauna oili, wanaua mnyororo ndani ya wiki. Weka oili ya mnyororo, si oili chafu ya gereji.

Mavazi nitayapitia haraka: helmeti yenye wavu wa uso, vizuia kelele, glavu, buti zenye chuma mbele. Hapa watu wanalia bei. Suruali yangu ya wakata miti niliipata kwenye mitumba pale Memorial, ina tabaka za nyuzi ndani ambazo hutoka na kuziba mnyororo ukigusa mguu. Lebo inaonyesha daraja la 1, yaani ilipimwa kwa mnyororo unaokwenda mita 20 kwa sekunde. Tambua, hata hivyo, kwamba mota ya umeme ina nguvu tangu mzunguko wa kwanza na inaweza kuendelea kuvuta pale ambapo injini ya petroli ingezima. Suruali hiyo inakupunguzia jeraha. Haikupi ruhusa ya kukata karibu na goti.

Mwezi uliopita nilimaliza kazi kwenye shule moja ya bweni nje ya mji, mikaratusi iliyokuwa imesogelea paa la bweni. Nina haki ya kujivunia kazi ile. Kibali kilikuwepo, wanafunzi waliondolewa umbali wa mara mbili ya urefu wa mti, na kila mti nilikagua njia mbili za kukimbilia, nyuma kwa mshazari, kushoto na kulia, kabla sijawasha. Kwanza kata la mdomo, yaani pengo la umbo la kabari, upande unakotaka mti uende, robo hivi ya unene. Kisha kata la nyuma, juu kidogo ya mdomo, na katikati unaacha ukanda wa mbao usiokatwa, karibu sehemu moja ya kumi ya unene. Huo ukanda ndio bawaba inayouongoza mti. Ukiukata wote kwa pupa, mti unaenda unakotaka wenyewe. Ukisikia mlio wa kwanza wa kupasuka, achia kidole, breki, ondoka. Usikae kutazama uzuri wa kazi yako.

Mmoja katika ile mikaratusi ulikuwa umeinama sana. Mti ulioinama unaweza kupasuka wima kabla hujamaliza kukata, na pande la nyuma likakupiga kifuani. Nilimwambia mwalimu waziwazi kwamba ule si wangu, atafutwe mwenye kamba na winchi. Alishangaa. Akalipa iliyobaki bila kupunguza hata senti.

Chini nako usilegee. Gogo lililolala juu ya mashina mawili, katikati pakiwa hewani, linabanwa juu na kuvutwa chini. Kata theluthi moja kutoka juu, kisha malizia kutoka chini, la sivyo msumeno utabanwa. Lililoshikwa upande mmoja tu, kinyume chake: anza chini kidogo, malizia juu.

Jamani, wapambanaji wenzangu, sisi tunaoishi kwa mikono yetu tunafundishwa kutokukataa kazi. Mimi nakwambia kataa. Kataa ya ngazi, kataa ya mvua, kataa ya giza la jioni, kataa ukiwa peke yako bila mtu wa kukimbia kuita msaada. Mti ukiwa umegusa au umekaribia nyaya za umeme, usiguse hata tawi, wapigie TANESCO waje wenyewe.

Kuna kampuni moja iliniita kupunguza miparachichi na mringaringa kwenye nyumba zake za kupangisha. Msimamizi alitaka nipande ngazi na msumeno ili kazi iishe siku moja. Nikasema naleta msumeno wa mkono wa mpini mrefu, nitakata nikiwa chini, siku mbili. Akacheka, akaniambia mbele ya vijana wake kwamba ndiyo maana kazi hizi hawapewi wanawake. Kazi akampa mwingine. Tawi lilipokatika lilirudi likaipiga ngazi, na yule kaka akaanguka, akavunjika bega. Nilikwenda kumwona, nikampelekea ndizi na maziwa, na hakuna mtu wa kampuni aliyekuwa amefika.

Hawajanipigia tena simu. Bei yangu ya miti ya aina ile ni ileile, na ni ya siku mbili.