Naweza kuweka alumini ya 7075 badala ya chuma kwenye eleveta za ndege?

Swali: Mhandisi, ninajijengea ndege ya viti viwili kwa michoro niliyonunua. Eleveta ya kushoto na ya kulia, yaani vibao vya mkiani vinavyoinua na kushusha pua ya ndege, zinaunganishwa na bomba la chuma cha aina ya 4130: kipenyo milimita 25, unene 1, urefu mita 1. Nimepata la alumini ya 7075-T6, vipimo vilevile. Kwenye jedwali ni imara kuliko chuma hicho, tena jepesi. Nibadilishe?

Jibu: Usibadilishe, ndugu yangu. Kwa nguvu uko sahihi: 7075-T6 huanza kupinda bila kurudi kwenye megapaskali (kipimo cha mkazo, yaani nguvu kwa kila eneo) kama 500, na 4130 kwenye kama 430. Ila bomba hilo limewekwa ili eleveta mbili ziende pamoja, na kazi hiyo inadai ukakamavu, yaani kutokubali kupinda wala kujisokota. Hapo alumini, iwe ya aina gani, ni thuluthi tu ya chuma.

Funga ncha moja kwenye jiriwa. Ncha ya pili ibane na mkono wa nusu mita, uning'inize kilo 10. Bomba la chuma litajisokota kama digrii 3. La alumini karibu 10. Mkazo ni megapaskali 55 hivi kwa yote mawili, mbali kabisa na kuharibika. Ondoa mzigo, yote yanarudi sawasawa, na jedwali lako la nguvu halina habari.

Hewa inayo. Eleveta moja ikipanda huku nyingine ikishuka, mkia hujisokota, msokoto nao huzisukuma eleveta zaidi, na mpapatiko huo ukishaanza unaweza kuumaliza mkia kwa sekunde chache. Mwaka 1916 ndege ya kivita ya Handley Page, Uingereza, ilipatwa na hayo. Kila eleveta ilikuwa na nyaya zake. Mhandisi Mwingereza Lanchester alishauri ziunganishwe kwa bomba kakamavu. Bomba lako ndilo hilo.

Utaokoa gramu kama 380. Ukizing'ang'ania, ongeza kipenyo: kikizidi mara mbili, unene uleule, ukakamavu wa kusokotwa huzidi mara nane. Alumini ya milimita 38 yenye unene 1 ingekipita chuma chako na bado kuokoa gramu 260 hivi. Lakini 7075 haichomelewi kwa njia za kawaida. Mkono wa eleveta, ule unaoisukuma ipande au ishuke, itabidi ufungwe kwa bolti au riveti, na tundu likilegea nusu milimita hesabu yote imekwenda na maji. Kwa hiyo mwulize kwanza aliyechora. Mimi ningeacha chuma, gramu nikazitafute kwenye viti.