Re: 3D Monster Maze kwenye ZX81 haipakii, na ikipakia Rex ananila

Mkuu, umeuliza kwa nini gemu ya 3D Monster Maze haipakii kwenye kompyuta yako ya ZX81, na ikipakia unaliwa na Rex, yule dinosaria anayekuwinda ndani ya mzingile. Nianze na kupakia, maana ndiko wengi wanakokwama.

ZX81 tupu ina kumbukumbu (RAM) ya 1K tu, na gemu hii inataka kile kiboksi cha RAM cha 16K kinachochomekwa nyuma. Hicho ndicho mshukiwa wa kwanza. Kikilegea kidogo kwenye meno yake ya kuunganishia, hata kwa mtikisiko wa kubonyeza kibodi, mashine inajiwasha upya na kila kitu kinapotea. Zima umeme kwanza, kichomoe, safisha meno kwa spiriti, rudisha, kisha kikaze kwa velcro. Usithubutu kukichomoa umeme ukiwa umewaka.

Upande wa kaseti, chomeka waya wa EAR (unaoleta sauti ya kaseti kwenye kompyuta) peke yake. Wa MIC (wa kurekodia) uache nje. Sauti weka robo tatu, besi chini. Bonyeza J (LOAD inajiandika yenyewe), SHIFT na P mara mbili, NEWLINE, ndipo uwashe tepu. Skrini itajaa mistari kwa zaidi ya dakika 5, hiyo ni kawaida. Tatizo ni kwamba ZX81 haihakiki inachosoma. Baiti moja ikiharibika hupewi onyo lolote, gemu inakuja kukwama katikati ya mchezo. Pandisha au shusha sauti kidogo, upakie tena.

Sasa Rex. Vitufe ni 3 tu: 7 kwenda mbele, 5 kugeuka kushoto, 8 kulia. Kurudi nyuma hakuna, kwa hiyo ukiingia korido iliyoziba lazima ugeuke mara mbili wakati yeye anakuja, na wengi wanaliwa hapo. ZX81 haina sauti, kwa hiyo maandishi ndiyo masikio yako. REX LIES IN WAIT, bado katulia. FOOTSTEPS APPROACHING (hatua zinakaribia), toka kwenye vichochoro mapema. RUN HE IS BEHIND YOU, usigeuke kumtazama, shikilia 7.

Kila hatua unayopiga ukiwindwa ni pointi 5, na kutoka mzingileni ni 200. Ndiyo maana kuna wanaozunguka makusudi badala ya kutafuta mlango. Mzingile unachorwa upya kila mara, usihangaike kukariri ramani.

Ukiliwa utaulizwa kama unakata rufaa. Usikate. Rufaa ikikubaliwa, mashine inajifuta na inabidi uanze tena na kaseti. Malcolm Evans, aliyeiandika 1981, alikuwa na utani wa kikatili.