Barua ya dhamiri iandikwe mapema, na ipimwe kwa saa za majini

Muuguzi wa hospitali kubwa ya Mwanza mjini akisema "kitanzi mimi siweki", akimaanisha kitanzi cha kuzuia mimba ambacho imani yake inakikataa, ana wenzake wanne kwenye korido ileile. Muuguzi wa zahanati ya kisiwani, upande wa Ukerewe au Kome, akisema maneno hayohayo, mwenzake wa karibu yuko ng'ambo ya maji na kivuko cha leo kimeshaondoka. Imani ya hawa wawili ni moja na haki yao ni moja. Mama aliyekaa kwenye benchi ndiye ambaye hali yake inatofautiana, na ndiye anayesahaulika kila mjadala huu unapoanza.

Makala hii ni ya wauguzi, waganga, wafamasia, na wanaoendesha vituo vya mashirika ya dini kando ya Ziwa Victoria. Tunazungumzia kinga ya dhamiri, yaani mhudumu au kituo kutolazimishwa kufanya tendo ambalo imani yake inalihesabu kuwa kosa, na kutoadhibiwa kwa kutolifanya. Kwa kawaida mvutano unakuja kwenye kitanzi, vijiti vya mkononi vya kuzuia mimba, kufunga kizazi, P2 (kidonge cha dharura cha kuzuia mimba), kondomu, na kwa ndugu zetu Wasabato, zamu inayoangukia kati ya machweo ya Ijumaa na machweo ya Jumamosi.

Sheria inasimama wapi

Tanzania haina sheria ya pekee inayoitwa ya dhamiri ya wahudumu wa afya. Kinga unaijenga kwa kuunganisha vipande. Ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani. Ibara ya 30 inauwekea mpaka: uhuru wako usitumike kuvunja haki za wengine au maslahi ya umma. Wanaoinukuu ya 19 na kuiacha ya 30 hushindwa mapema. Kipande cha tatu ni kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kinachomkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya dini.

Upande wa mimba, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 150 hadi 152, inaadhibu anayetoa mimba, mwanamke mwenyewe, na anayetoa vifaa au dawa kwa kazi hiyo. Kifungu cha 230 kinamwondolea kosa mtu anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaostahili, ili kuokoa maisha ya mama. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mama aliyefika akivuja damu baada ya mimba kuharibika, hata kama unashuku iliharibiwa, ni mgonjwa wa dharura. Kumsafisha kizazi na kumpa dawa ni tiba halali, na hakukufanyi mshiriki wa kilichotokea kabla hajafika kwako. Anayekataa kumgusa kwa kudhani anaitii sheria anaisoma sheria vibaya.

Wengi husoma habari za Marekani na kudhani zinatuhusu moja kwa moja. Kule wanazo sheria ziitwazo Church Amendments za 1973, zilizopewa jina la Seneta Frank Church wa Idaho. Neno "Church" pale halina maana ya kanisa. Zinamlinda anayekataa kutoa mimba au kufunga kizazi, na pia anayekubali, asibaguliwe kazini kwa uamuzi wake. Yako pia marekebisho ya Weldon, yanayokataza kubagua vituo vinavyokataa kutoa mimba, yanayoingizwa kwenye sheria za bajeti tangu mwaka wa fedha wa 2005. Hayo ni ya vituo vya kwao. Kilichovuka bahari kikafika kwetu ni sheria yao ya fedha za UKIMWI ya 2003, iliyosema shirika lisilazimishwe kutumia njia ya kinga ambayo dini yake inaikataa ili lipate fedha hizo. Ndiyo maana kituo cha kanisa kiliweza kutoa ARV kwa fedha za Marekani bila kugawa kondomu. Kenya, jirani zetu wa ziwa hilihili, wameandika wazi zaidi: ibara ya 32 ya Katiba yao ya 2010 inakataza kumlazimisha mtu kutenda kinyume cha imani yake, na ya 43 inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Zisomeni pamoja, kwa maana zimewekwa zishikane.

Taja tendo, usitaje dawa wala mtu

Barua nyingi za dhamiri zinakwama kwa upana wake. "Siungi mkono uzazi wa mpango" ni kauli ya mimbarani. Matroni, yaani muuguzi mkuu wa kituo, akiisoma hajui kama utajaza rejista ya MTUHA (kitabu cha kumbukumbu za huduma), kama utapima presha ya mteja wa vijiti, kama utamhudumia akirudi na usaha mkononi. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua shauri la wakunga wawili wa Glasgow waliokuwa wakipinga hata kupanga zamu na kusimamia wenzao kwenye kazi ya kutoa mimba. Mahakama ikasema "kushiriki" ni kufanya tendo lenyewe kwa mikono; kupanga ratiba na kusimamia havimo. Uamuzi huo hautufungi, ila ni kipimo kizuri cha mahali pa kuchora mstari wako.

Barua itoshe ukurasa mmoja. Mfano wa kiini chake:

"Kwa sababu ya imani yangu, naomba nisipangiwe kufunga kizazi wala kusaidia ndani ya upasuaji huo. Nitaendelea kumhudumia mteja kabla na baada ya upasuaji, kujaza rejista, na kumkabidhi kwa mhudumu atakayepangwa. Ombi hili halihusu hali ambayo maisha ya mgonjwa yako hatarini, au anaweza kudhurika vibaya, na hakuna mwingine wa kumsaidia. Niko tayari kupangiwa kazi nyingine za uzito uleule kufidia nafasi hiyo."

Sentensi ya mwisho usiiache. Mwenzako anayebeba kazi uliyoikataa atachoka, na akichoka ataanza kukuona mvivu mwenye kisingizio cha dini. Chukua zamu za usiku, chukua vidonda, chukua chanjo. Msabato anayeomba Jumamosi aseme papo hapo kwamba zamu za Jumapili na sikukuu atazishika yeye. Wasabato wengi pia wanahesabu kumhudumia mgonjwa kuwa kazi ya rehema hata siku ya Sabato, kwa hiyo aandike wazi anachoomba: zamu yote, au kazi za ofisini na mikutano tu.

Toa nakala tatu: ya mganga mfawidhi, ya matroni au patroni, na ya jalada lako kwa afisa utumishi. Nakala yako ya nne ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni kama haikuandikwa.

Kuhusu dawa: misoprostoli hutumika kuharibu mimba, na vidonge hivyohivyo huokoa mzazi anayevuja damu. Mama aliyejifungua akivuja, oksitosini, sindano ya kubana kizazi, yuniti 10 kwenye msuli ndiyo ya kwanza. Ikikosekana, misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi, yaani vidonge vinne vya 200. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, gramu 1 kwenye mshipa, taratibu kwa dakika 10, ifike ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Mkunga aliyeapa kutoishika misoprostoli amejiondoa kwenye kuokoa wazazi, na hakuna dini inayofundishwa kando ya ziwa hili inayomwomba afanye hivyo. Mimba iliyotunga nje ya kizazi na uchafuzi wa damu baada ya chupa kupasuka vitajwe kwa majina kwenye mwongozo wa kituo, pamoja na nani anaamua na nani anapigiwa simu usiku. Daktari asianze kutafuta ushauri wa maadili saa nane za usiku huku presha ya mama inashuka.

Saa za dawa, saa za maji

Kanuni ya Maadili ya Chama cha Madaktari Duniani, iliyorekebishwa 2022, inaruhusu daktari kukataa kwa dhamiri iwapo mgonjwa hadhuriki wala habaguliwi. Inamtaka amwambie mara moja, kwa heshima, kwamba ana haki ya kumwona mwingine, na ampe maelezo ya kutosha ya kumfikia. Mjini maelezo hayo ni namba ya chumba. Visiwani ni hesabu.

Chukua sindano ya Depo ya kuzuia mimba. Hurudiwa kila miezi mitatu, na mwongozo wa WHO unaruhusu ichomwe hata mteja akichelewa wiki nne. Mama aliyefika siku yake halisi kwenye kituo kisichochoma ana muda wa kuvuka kwenda Nansio au kungoja siku ya mkoba, wahudumu wanapokuja na huduma kisiwani. Rufaa hapo ni salama, mradi umwandikie tarehe ya mwisho kwenye kadi yake. Kwa kijiti kilichomaliza muda, weka miadi ya siku inayojulikana kliniki ya huko ipo.

Sasa chukua aliyebakwa. Dawa kinga ya VVU ianze ndani ya saa 72, mapema kadiri iwezekanavyo, na inywewe siku 28. Levonorgestreli miligramu 1.5, ile tunayoiita P2, nguvu yake inapungua kila saa inayopita. Akifika kisiwani saa 50 zimeshapita na ziwa limechafuka, kumwambia avuke ni kumnyima. Kituo chenye pingamizi kuhusu P2 kiwe na mtu mwingine palepale wa kuitoa, au kihakikishe kisiwa hakibaki na wahudumu wenye pingamizi moja. Inasaidia pia kujua inavyofanya kazi: huchelewesha yai kutoka, na haiharibu mimba iliyokwisha kutunga. Baadhi ya pingamizi huisha hapo, kwa sababu zilisimama juu ya habari isiyo sahihi. Fomu ya polisi ya PF3 isicheleweshe dozi ya kwanza. Itafuatwa baada ya tiba.

Kwa hiyo kila kituo kitengeneze karatasi moja ya ukutani. Safu ya kwanza iwe huduma ambayo kituo hakitoi, ya pili saa au siku ambazo mteja anaweza kusubiri, ya tatu kituo cha karibu kinachotoa, ya nne njia ya kufika: kivuko, boti ya abiria au barabara, na nauli. Safu ya pili ikiwa fupi kuliko safari ya safu ya nne pamoja na usiku mmoja wa upepo, huduma hiyo haiwezi kuachwa kwa rufaa.

Kwa wanaoendesha vituo

Kanda ya Ziwa inategemea sana hospitali za makanisa. Bugando ni ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania na ndiyo rufaa ya kanda. Sengerema na Sumve zimebeba wilaya kwa miaka mingi. Makubaliano ya Serikali na makanisa ya 1992 yaliweka msingi wa ushirikiano huu. Dhamiri ya taasisi ilindwe kwenye mkataba wa huduma na halmashauri: taja kila huduma isiyotolewa, taja nani ataitoa na wapi. Neno "kwa kuzingatia maadili yetu" peke yake ni ukungu. Watumishi wa Serikali walioazimwa kwenye hospitali hizo wasomewe masharti kabla ya kuripoti, na wabaki huru kumweleza mgonjwa huduma ilipo.

Bango la mapokezi liseme wazi, kwa Kiswahili chepesi: "Hospitali hii haifungi kizazi. Huduma hiyo inapatikana…" na jina la kituo. Kosa baya kuliko yote ni mhudumu kujibu "dawa zimeisha" wakati zimejaa kabatini. Huo ni uongo, na hauwezi kuitwa dhamiri. Mama huyo atarudi wiki ijayo, atalipa nauli ya mtumbwi tena, na mwezi wa tatu atarudi kliniki ya wajawazito.

Maneno yawe machache: "Dada, huduma hii mimi siitoi. Yuko mwenzangu chumba cha nne, twende nikupeleke." Akiwa mtu mzima, shikamoo kwanza. Usimhubirie, usimuulize mume anajua, usiinue sauti wengine wasikie. Kwenye faili andika saa, huduma aliyoomba, na mahali ulipomkabidhi.

Ukiadhibiwa

Kusanya barua yenye muhuri, ratiba za zamu za miezi iliyopita, na barua ya onyo au uhamisho. Jibu kwa maandishi, kisha ona kiongozi wa tawi la TUGHE, chama cha wafanyakazi wa Serikali na afya. Wa sekta binafsi au ya kanisa anapeleka mgogoro CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa fomu namba 1: siku 30 tangu kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hupoteza haki kwa kungoja mazungumzo ya parokiani au usharikani hadi siku hizo ziishe. Fungua shauri na mazungumzo yaendelee. Mtumishi wa umma anaanzia kwenye mamlaka yake ya nidhamu na rufaa ya Tume ya Utumishi wa Umma. Akikimbilia CMA kwanza atarudishwa.

Ukihamishwa kituo, barua ya zamani ibaki kumbukumbu tu. Andika mpya kabla jina lako halijaingia kwenye ratiba, na ukipangiwa kisiwani peke yako, sema kabla ya kupanda kivuko, halmashauri ipate nafasi ya kukupangia mwenza au kumtuma mwingine.