Fundi Anajibu: Pikipiki Inayoshindwa Mlima wa Bugando

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nibadilishe kifaa gani ili pikipiki yangu ifanye kazi zaidi? Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake alikuwa karibu kutumia fedha mahali pasipo na ugonjwa.

Swali: *Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda, kituo changu kipo Mabatini. Pikipiki yangu ni ya sisi 125 yenye kabureta, niliinunua Dar es Salaam ikiwa imetumika kidogo, na huko ilikuwa na nguvu. Hapa Mwanza nikipakia abiria mmoja kuelekea Bugando inachoka katikati ya mlima, na plagi kila ikifunguliwa ni nyeusi. Fundi mmoja anasema niweke sproketi kubwa nyuma, mwingine anasema nifunge kabureta ya sisi 150. Nimfuate yupi?*

Jibu: Kwa sasa usimfuate yeyote, ndugu yangu, kwa maana wote wawili wamekupa dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Plagi nyeusi yenye masizi makavu inasema kwamba injini inapata petroli nyingi kuliko hewa ya kuichoma. Ingekuwa ya rangi ya kahawia hafifu ningekuwa na maneno mengine. Kabureta kubwa itaongeza petroli palepale ambapo petroli imeshazidi, kwa hiyo pendekezo hilo tuliweke kando kabisa.

Umetoka pwani, na hilo lina uzito wake. Ziwa Victoria lenyewe liko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mitaa ya mlimani iko juu zaidi ya hapo. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya Dar es Salaam, ilhali kabureta haina namna ya kulitambua jambo hilo, nayo inaendelea kunyonya petroli kwa kipimo ilichowekewa kule. Tofauti hiyo peke yake inapunguza nguvu kidogo tu, na kila pikipiki ya Mwanza inaishi nayo. Inapokutana na kichujio cha hewa kilichoziba ndipo abiria anapoombwa ashuke atembee.

Basi anza na kichujio. Kama ni cha sponji, kioshe kwa maji ya sabuni, kikamue kwa kukibana bila kukisokota, kikauke kivulini, kisha kipake oili kidogo na kukibana tena ili isidondoke. Kama ni cha karatasi usikioshe. Kigongegonge vumbi litoke, na kikiwa kimekuwa cheusi hadi ndani nunua kingine. Wapo vijana wanaokitoa kabisa wakidai pikipiki inapata pumzi, na ni kweli itachangamka kwa muda, lakini vumbi la mitaa yetu linatokana na mawe haya haya ya matale yaliyotuzunguka, nalo likiingia kwenye silinda linafanya kazi ya msasa juu ya pistoni na ringi zake. Baada ya kusafisha, weka plagi mpya ya namba ileile iliyoandikwa kwenye kitabu, tembea siku mbili, kisha uifungue uitazame. Ikiwa bado ni nyeusi, fundi afungue kabureta, aangalie kimo cha floti, yaani kiboya kinachopima petroli ndani yake, na kama sindano ya kabureta inayopandishwa na resi ina mitaro aishushe kwa mtaro mmoja tu. Kuzungusha skrubu ya hewa iliyo ubavuni hakutakusaidia mlimani, kwa kuwa skrubu hiyo inatawala zaidi pale injini inapounguruma bila resi.

Wakati hayo yakifanyika, isimamishe pikipiki kwa stendi kubwa na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa wepesi. Nimewahi kuletewa pikipiki iliyoitwa mbovu ya injini, kumbe brekishu zilikuwa zimekazwa mno zikikamata muda wote, na mwenyewe alikuwa ameshaagiza pistoni mpya. Tazama pia upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata moto, na ulegevu wa cheni: katikati ya sproketi mbili, upande wa chini, icheze sentimita mbili hadi tatu hivi, nawe upime mahali inapokaza zaidi unapolizungusha gurudumu, kwa sababu cheni iliyochakaa haikazi sawasawa kote.

Sasa klachi. Ukiwa gia ya tatu kwenye mlima, ongeza resi kwa ghafla: mlio wa injini ukipanda lakini mwendo ukabaki palepale, pleti zinateleza. Kabla ya kuzinunua, uliza ni oili gani ilimwagwa humo. Klachi ya pikipiki nyingi hizi inaogelea ndani ya oili ileile ya injini, na oili za magari zilizotengenezwa kwa kupunguza msuguano ili kubana matumizi ya mafuta zinaweza kuifanya iteleze hata pleti zikiwa mpya. Tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2. Ni kipimo cha Kijapani kilichoanzishwa mwaka 1998 kwa ajili ya pikipiki hasa. Mtu akikuuzia oili ya kupima kwa chupa isiyo na maandishi, hata kama ni rafiki yako, mwache nayo.

Ukimaliza yote hayo na bado biashara yako ni ya milimani kuliko ya tambarare, hapo fundi wa sproketi ana hoja, na hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mbele una meno 14 na nyuma 42. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Ukiweka ya meno 45 nyuma unapata 3.21, yaani msukumo kwenye gurudumu umeongezeka kwa asilimia 7. Ukipunguza jino moja mbele, 13 kwa 42, unapata 3.23, ambayo ni karibu matokeo yaleyale kwa fedha pungufu, ila cheni inakunjwa kwa mzingo mdogo zaidi na inakwisha mapema. Mimi ningeongeza nyuma, nikibadilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana cheni kuukuu hutafuna meno mapya. Gharama yake utaiona siku ukipeleka mtu Kisesa: kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa injini itakuwa inazunguka kama ilivyokuwa ikizunguka kwa 75, na petroli itajua.

Jambo moja hukuliuliza. Unaposhuka kutoka huko Bugando usiweke frii ili kubana mafuta. Shuka na gia ya pili au ya tatu, injini ikusaidie kuzuia, kwa sababu breki za ngoma zikishapata moto kwenye mteremko mrefu hupunguza kukamata, na huko chini kuna watu.

Swali: *Nataka kutoboa sailensa ya pikipiki yangu itoe mlio mzito. Marafiki zangu wa chuo hapa Nyegezi wanasema inaongeza na spidi. Ni kweli?*

Jibu: Inaongeza kelele. Ekzosi ya injini ndogo yenye pigo nne imepimwa pamoja na kabureta yake. Ukiifungua bila kubadilisha jeti kuu, yaani kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, mchanganyiko unakosa petroli, plagi inakuwa nyeupe, injini inapata joto kupita kiasi na mara nyingi inapoteza nguvu ya mwendo wa chini unayoihitaji ukiwa na mtu nyuma. Moto uliotoka ukipasuka kama risasi unapofunga resi ndio dalili yenyewe. Nakubali kwamba mlio una ladha yake ukiwa na miaka ishirini, ila sailensa iliyotobolewa haizibiki tena vizuri, na siku ya kuuza pikipiki mnunuzi atakupunguzia bei ya mpya.

Swali: *Shikamoo fundi. Nina pikipiki mbili nimewapa vijana kwa hesabu ya wiki, zinabeba samaki kutoka Mwaloni Kirumba. Nataka niziunganishie keria ndefu kwa kuchomelea ili zibebe matenga mawili. Pia naona zinaota kutu sana kuliko za jirani yangu ambazo zinabeba abiria tu, wakati ziwa letu ni la maji baridi.*

Jibu: Marahaba, dada yangu. Ziwa halina hatia. Kutu inatoka kwenye tenga: maji ya barafu iliyoyeyuka yakichanganyika na damu na ute wa samaki, na chumvi pale mnapobeba wa kukausha, yanadondoka saa nzima kwenye cheni, spoku na mkono wa gurudumu la nyuma. Weka chini ya tenga sinia la bati au plastiki lenye mpira wa kutolea maji upande usio na cheni, na ekzosi ikwepwe. Jioni pikipiki ioshwe kwa maji safi, ikaushwe, na cheni ipakwe oili palepale, isisubiri Jumamosi.

Kuhusu keria, urefu ndio unaonitisha kuliko uzito. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma unakuwa kama mtu aliyekalia ncha ya pembea: gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza, na breki ya mbele haishiki ardhi. Afadhali matenga mawili madogo yaning'inie ubavuni, kushoto na kulia, chini na mbele ya ekseli kadiri inavyowezekana, kuliko mawili makubwa yaliyofuatana kuelekea nyuma. Keria ifungwe kwa bolti kwenye matundu yaliyopo. Bomba la fremu likichomelewa, chuma cha jirani na mshono hudhoofika, nayo hukatika hapo baadaye, aghalabu barabarani na mzigo ukiwepo. Kama kuna kipande kidogo ni lazima kichomelewe kwenye pikipiki yenyewe, waya za betri zifunguliwe kwanza, la sivyo umeme wa kuchomelea unaweza kuunguza CDI, yaani kile kisanduku kinachoamuru cheche ya plagi, na kidhibiti cha chaji.

Ruhusu neno la pembeni. Katika mpango wa hesabu, kijana anafikiria fedha ya wiki na mwenye chombo anafikiria fedha ya wiki, na oili haina wa kuifikiria. Pikipiki inayotembea kilomita 100 kwa siku inamaliza kilomita 2,000 kwa siku 20, kwa hiyo ukisubiri kijana akwambie, umechelewa. Nunua oili wewe mwenyewe, iwe kwako nyumbani, na daftari la kilomita likae pamoja nayo.

Swali: *Ni vibaya kuoshea pikipiki ziwani? Na je, nikinunua pikipiki iliyotumika niangalie nini kwanza?*

Jibu: La kwanza: ndiyo. Maji ya bomba ya Mwanza yanavutwa kutoka ziwa hilihili, pamoja na pale Capripoint, na oili unayoisuuza mwaloni haizami ikapotea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo imeweka mita 60 kutoka ukingo wa ziwa kuwa eneo la kulindwa. Zaidi ya hapo, pikipiki iliyoingizwa majini hadi kwenye ekseli inapitisha maji kwenye beringi na ngoma za breki. Ukiona oili ya injini imegeuka rangi ya chai ya maziwa, yameshafika ndani na usiiwashe tena kabla ya kuimwaga.

La pili: kabla ya kusikiliza injini, shika kadi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na namba ya injini zilingane na kadi, tarakimu kwa tarakimu, na jina la mwenye kadi liwe la huyo anayekuuzia. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa TRA itakusumbua wewe, hatasumbuka aliyeibadilisha. Halafu fika asubuhi mapema bila kutoa taarifa, uguse injini kwa kiganja: ikiwa tayari ina joto, muuzaji ameiwasha kabla hujafika ili usione inavyokataa kuwaka ikiwa baridi.