Mauzo yanapanda, faida haionekani: ushauri kwa wanaouzia kampuni na taasisi

Kampuni inayoziuzia kampuni nyingine inaweza kuongeza mauzo kila mwaka na bado ikahangaika kutafuta fedha za mishahara mwisho wa mwezi. Nimelishuhudia jambo hili mara nyingi jijini Dar es Salaam, ambako kwa miaka mingi nimesimamia uuzaji wa sabuni za maji na vifaa vya usafi kwa hoteli, shule na hospitali. Ushauri wangu ni kwamba, kabla hujaajiri afisa mauzo mwingine au kulipia banda kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, kokotoa kwanza faida ya kila mteja peke yake, kwa sababu hesabu ya jumla huwaficha wateja wanaokula faida iliyoletwa na wenzao. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari ninalolizungumzia hapa ni la mteja mmoja mmoja.

Chukua mfano wa punguzo. Katoni iliyokugharimu Sh75,000 ukiiuza Sh100,000 inakuachia Sh25,000. Afisa ununuzi akiomba apunguziwe asilimia 10, ombi huonekana dogo, ilhali kinachobaki ni Sh15,000, yaani asilimia 40 ya faida yako imeondoka, na kama ulikuwa ukiuza katoni 100 itakubidi uuze karibu 167 ili urudi pale ulipokuwa. Katoni hizo za ziada zinahitaji mtaji, nafasi stoo, gari na dereva. Kwa hiyo punguzo lisitolewe bure: anayelitaka alipe taslimu, au achukue mzigo wa mwezi mzima kwa safari moja badala ya kuagiza katoni tatu tatu kila wiki na kukutaka umfikishie Kibaha, nje ya jiji.

Kumpa mteja mzigo kwa mkopo ndiko kunakoumiza zaidi, hasa kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Ukitoa mwezi Machi ankara ya Sh10 milioni, na juu yake VAT ya asilimia 18, Sh1.8 milioni hizo za VAT zinaingia kwenye ritani yako ya Machi, yaani taarifa ya kodi ya mwezi huo, ambayo Mamlaka ya Mapato (TRA) inaitarajia kufikia tarehe 20 Aprili, hata kama mteja atakulipa mwishoni mwa Juni. Ukishaondoa VAT uliyolipa wakati wa kununua, tofauti inatoka mfukoni mwako, na kama mtaji wako ni mkopo wa benki, riba nayo inaendelea kuhesabiwa. Mteja wa namna hiyo anapaswa kuwa na bei yake, iliyo tofauti na ya yule anayelipa ndani ya siku 30.

Lakini si kila anayechelewa kulipa ni mkorofi. Kwa uzoefu wangu, ankara nyingi zinazokwama hukwama mezani kwa mhasibu kwa upungufu wa karatasi. Mhasibu huyo anataka kuona LPO, yaani hati ya mteja ya kuagizia mzigo, hati ya kupokelea mzigo yenye saini ya mtunza stoo na mhuri, ankara inayolingana na LPO hiyo kwa idadi na bei, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya kutolea risiti. Ukikosekana mhuri mmoja, faili linarudi chini ya rundo na wala hakuna atakayekupigia simu kukujulisha. Mfundishe dereva wako kwamba hajamaliza kazi mpaka mhuri umegongwa, na mpe mtu mmoja ofisini jukumu la kumpigia mhasibu wa mteja siku chache baada ya ankara kupokelewa, kwa heshima, kuuliza kama nyaraka zimekamilika.

Kamisheni nayo ilipwe fedha zinapoingia. Afisa mauzo anayelipwa kamisheni mara tu ankara inapotolewa atamuuzia yeyote, kwa bei yoyote na kwa muda wowote wa mkopo, na sioni sababu ya kumlaumu maana ndivyo mwajiri wake alivyopanga.

Kuhusu masoko, biashara ni matangazo, kama tusemavyo, ila hoteli haibadilishi msambazaji kwa sababu ya bango la barabarani. Nimefanikiwa zaidi kwa kukaa na msimamizi wa usafi, tukajaza ndoo mbili za maji, moja kwa sabuni yetu na nyingine kwa ile ya bei nafuu aliyoizoea, tukapima kila moja inatumika kiasi gani mpaka sakafu itakate. Yetu ilitosha kifuniko kimoja. Ile nyingine aliimimina mara tatu. Baada ya hapo mazungumzo na afisa ununuzi yalihamia kwenye gharama ya kusafisha chumba kimoja, na bei ya lita haikuwa tena hoja kuu. Ziara kama hizo zifanyike kwa wakati wake: hoteli za watalii kabla ya msimu wa Juni, shule kabla hazijafunguliwa Januari.

Daftari likikuonyesha mteja anayekutia hasara, nenda kwake na takwimu zake mwenyewe, mpendekezee oda kubwa zaidi, muda mfupi wa mkopo au bei mpya. Baadhi watakubali, kwani hakuna aliyewahi kuwaeleza. Anayekataa yote matatu mpelekee mzigo kwa malipo ya kabla tu, na muda uliokuwa ukimfuatilia utumie kwa mteja anayelipa vizuri lakini ananunua kwako bidhaa moja kati ya tano anazozihitaji.